Tanga Lisilo na Demani

Boti yangu ilikuwa ikipitwa. Sizisemi zile za mashine mbili zinazobeba watalii. Hizo zimenipita tangu siku ya kwanza na wala sikuona vibaya. Ilikuwa ikipitwa na boti za faiba za wenzangu, futi 22 kama yangu, mashine ya farasi 40 kama yangu, abiria walewale wa kijiji cha Shela na mizigo ileile ya mikate na soda. Tunatoka gati moja Lamu mjini, nikifika Shela wao wameshashusha watu na wanapiga soga. Na aibu hiyo ilikuwa ya alasiri tu. Asubuhi tulikuwa tukienda sambamba.

Hilo la alasiri lingenifumbua macho mapema, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba kosa liko kwenye mashine. Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta, nikaisafisha, nikairudisha. Nikavua rafadha, lile panga la mashine linalosukuma maji, nikaipeleka kwa fundi akainyoosha ncha iliyopinda siku nilipogonga jiwe kule Mkanda. Nikaipandisha boti pwani maji yalipokupwa, nikaikwangua chini mpaka ikang'aa, maana chombo chenye majani na magamba chini ni kama mtu anayekimbia na kanzu iliyorowa. Kila nilipofanya hivyo nilipata nafuu kidogo. Alasiri ikifika, niko nyuma tena.

Aliyenionyesha ni ami yangu, mzee aliyekula umri wake kwenye majahazi ya boriti na hajapata kumiliki mashine maishani. Alipanda siku moja ya Julai, upepo wa kusi umekaza, akaja kukaa tezi, huku nyuma, karibu na mimi. Hatujafika nusu ya njia akainua macho, akatazama turubai lililokuwa limetuna juu ya vichwa vya watu, akatazama maji, kisha akaniuliza taratibu:

“Mwanangu, hili tanga lako, demani yake umeifunga wapi?”

Nikamwambia, hili si tanga, ami, hiki ni chandarua tu, cha kivuli.

“Na upepo umeuambia?”

Kwa wasomaji wa bara nieleze mambo mawili. Demani ni ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Upepo ukizidi nahodha huilegeza, tanga likamwaga upepo, chombo kikapumua. Na chandarua hapa si cha mbu. Ndivyo tunavyoliita paa la turubai linalotandazwa juu ya boti kwenye mbavu za mabomba. Ami mwenyewe husema tandabelua, neno la vyombo vya zamani, na vitabu vya boti vya Wazungu huliita bimini. Majina yote hayo ni ya kitu kimoja: kitambaa kipana, kimeinuliwa juu, hakina kamba ya kulegeza.

Hakuna mtu gatini aliyeniunga mkono nilipowasimulia. Wote walisema kama chandarua kinapunguza mwendo basi ni kwa uzito wake. Nikakivua, nikakipima pamoja na mabomba kwenye mizani ya muuza saruji: hakikufika kilo 30. Chini ya nusu ya mtu mmoja. Mimi kila siku nabeba mtu mmoja wa ziada, na Mola anisamehe, wakati mwingine wawili, na boti haijawahi kuachwa nyuma kwa ajili yao. Uzito ulio juu una ubaya wake, huifanya boti iyumbe zaidi mawimbi yakija ubavuni, lakini si huo uliokuwa ukinirudisha nyuma.

Basi nikakaa na kalamu. Upepo unaposukuma kitu, nguvu yake hutokana na ukubwa wa uso unaoukabili, umbo la uso huo, na kasi. Kasi ndiyo yenye hila, kwa sababu huzidishwa kwa yenyewe: ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Chukua ubao bapa wa mita moja ya mraba, usimamishe mbele ya upepo wa kilomita 36 kwa saa. Utasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 7. Upepo ukifika kilomita 72, zile kilo 7 zimekuwa 28.

Na upepo unaoikuta boti si ule unaotikisa minazi peke yake. Bahari ikiwa shwari kabisa, ukienda kilomita 36 kwa saa unajitengenezea upepo wa kilomita 36 usoni. Kusi ikivuma kwa kilomita 28 na wewe unaielekea, unakutana na 64. Ukigeuza, kusi ikawa mgongoni, unakutana na 8 tu. Kati ya 64 na 8 kasi imezidi mara nane, lakini msukumo umezidi mara 64! Niliifanya hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea.

Mlango wa Lamu, kutoka mjini kuelekea Shela na bahari kuu, unakwenda upande wa kusini-mashariki, huko huko kusi inakotokea. Na kusi huku huamka na jua, ikazidi nguvu kadiri mchana unavyokwenda. Kwa hiyo asubuhi chandarua changu kilikuwa kivuli, na alasiri kilikuwa ukuta. Jibu la swali langu lilikuwa hapo muda wote, nami niko nyumbani nasugua kabureta kwa mswaki.

Lakini wenzangu nao wana vyandarua. Kwa nini wao hawakurudi nyuma?

Turubai lililokazwa vizuri, upana wa mita 2, lililoinama katikati kwa sentimita 25, linauonyesha upepo uso wa kama nusu mita ya mraba. Asubuhi, kwa kilomita 36, pamoja na mabomba yake linarudisha boti nyuma kwa kilo 3 au 4. Alasiri, kwa 64, kilo 10 au 11. Mashine ya farasi 40, ukitoa karibu nusu inayopotea kwenye rafadha, inaisukuma boti nyepesi kama yangu kwa kilo 160 hivi kwenye mwendo huo. Kwa hiyo chandarua safi kinakula sehemu 2 katika 100 asubuhi, na 6 au 7 alasiri. Ni hasara, lakini ndogo. Ndiyo ada ya kivuli, na kila mtu gatini anailipa.

Mimi nilikuwa nalipa zaidi. Abiria walilalamika kwamba wanarowa, nikamwambia fundi anishonee pazia la plastiki angavu kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka kwenye paa. Likapendeza, watu wakanisifu. Upana mita 2, kimo mita 1: mita mbili za mraba zimesimama wima mbele ya kusi. Kwa upepo wa kilomita 64, hizo ni kama kilo 45. Zaidi ya robo ya nguvu yote ya mashine nilikuwa naitumia kusukuma plastiki.

Halafu nikafanya jambo la kijinga zaidi, na hili nimeliona kwenye boti nyingi mno kulikalia kimya. Joto lilipozidi nilikunja pazia la mbele ili abiria wapate hewa, lakini la nyuma nikaliacha limeteremka, kwa sababu lilizuia moshi wa mashine usirudi ndani. Mbele wazi, nyuma pamefungwa. Mtu yeyote aliyewahi kushika mfuko wa sokoni mdomo wazi kwenye upepo anajua kinachotokea. Wataalamu wa upepo wanalo kipimo chake: bakuli likiukabili upepo kwa mdomo husukumwa kwa nguvu zaidi ya mara tatu kuliko likiukabili kwa mgongo. Ndiyo siri ya vile vikombe vinavyozunguka kwenye vituo vya hali ya hewa. Kikombe kimoja kinakamatwa mdomoni, mwenzake anateleza mgongoni, na tofauti yao ndiyo inayozungusha mhimili wake. Mimi nilikuwa nimejenga kikombe kikubwa, nikawaweka abiria ndani yake.

Kutuna kwa turubai nako ni ugonjwa uleule kwa kipimo kidogo. Mbavu zangu zilikuwa tatu tu, mbalimbali, na kitambaa kilikuwa kimelegea baada ya mwaka wa jua na chumvi. Kati ya ubavu na ubavu kilijaza tumbo, kikapiga, kikashuka, kikapiga tena. Kile kishindo cha turubai linalopigapiga, ambacho abiria hukiona kama muziki wa safari, ni petroli yako unayoisikia ikienda.

Sikutaka kuamini karatasi peke yake. Nikangoja siku ambazo maji yanasimama wakati ninaoutaka, kwa sababu mkondo wa mlango wa Lamu ukiwa unakwenda utakudanganya kwa kilomita kadhaa. Nikawa na kijana mmoja wa kunisaidia, tangi lijazwe kiasi kilekile, hakuna abiria, GPS ya simu mkononi, njia moja kutoka gatini kuelekea Shela na kurudi. Asubuhi shwari, bila chandarua: kilomita 37. Na chandarua kilichokazwa: 36. Kijana akaniangalia kama mtu aliyepotezewa usingizi wake bure.

Alasiri akaacha kuniangalia hivyo. Kuielekea kusi bila chandarua tulipata 35, maana hata mwili wa boti, na sisi wawili wenyewe, tunaukamata upepo, na maji yalikuwa yamechafuka. Na chandarua kilichokazwa, 33. Na pazia la mbele, 28. Mbele wazi na nyuma pamefungwa, GPS haikupita 26, na boti ikaanza kitu kingine ambacho karatasi yangu haikuwa imekitaja: ilikataa kupanda.

Faiba ikikimbia haielei kama jahazi, hupanda juu ya maji ikateleza kwa sehemu ndogo ya tumbo. Ikishindwa kupanda inalima, na ikilima hakuna mashine itakayoisaidia. Rafadha iko chini, inasukuma mbele. Upepo uko juu kwenye chandarua, unasukuma nyuma. Nguvu mbili hizo zikivutana, moja chini moja juu, boti inainua omo, yaani mbele, na kukalia tezi. Kilo 40 za upepo zikikamata mita moja na nusu juu ya kitovu cha uzito wa boti ni sawa na kumchukua mtu wa kilo 60 aliyekaa katikati ukamsogeza mita nzima nyuma. Kila nahodha wa abiria anajua anachofanya boti ikikataa kupanda: anapiga kelele watu wasogee mbele. Miezi yote ile nilikuwa nawapigia kelele watu wasogee mbele, na aliyekaa nyuma alikuwa upepo.

Tukarudi kusi ikiwa mgongoni. Na chandarua au bila chandarua, 37. Hakuna tofauti hata chembe. Kwa hiyo mtu atakayekwambia chandarua chake hakipunguzi mwendo huenda hasemi uongo, ila amepima wakati wa kurudi.

Petroli sitaieleza sana, inajieleza. Tuseme mashine ikifunguliwa yote inakunywa lita 18 kwa saa. Itakunywa lita 18 uwe unakwenda 35 au 28, haijui tofauti. Lakini kwa 35 lita moja inakupeleka karibu kilomita 2, na kwa 28 inakuishia kilomita moja na nusu. Katika biashara ya nauli za Shela, hiyo ndiyo faida yote.

Kuna jamaa watakaosema basi ondoa chandarua, kwisha. Husema hivyo vijana wasio na watoto. Mimi nabeba bibi wa miaka 70 anayetoka hospitali, nabeba mama na mtoto wa wiki mbili, nabeba mgonjwa wa sukari ambaye jua la saa saba mchana linaweza kumwangusha. Mashua za mashindano ya Maulidi zinaweza kuvua kila kitu, hata masanduku ya chakula, kwa sababu zinabeba watu wanaotaka kushinda. Abiria wangu wanataka kufika.

Mapazia, hata hivyo, sikuyafikiria mara mbili, na si kwa ajili ya mwendo. Tarehe 19 Julai 2018, kwenye ziwa la Table Rock karibu na mji wa Branson, jimbo la Missouri nchini Marekani, chombo cha watalii cha aina inayotembea nchi kavu na majini kilizama katika dhoruba kikiwa na watu 31. Walikufa 17. Kilikuwa na paa juu na mapazia ya plastiki pembeni. Mwezi Mei 1999 chombo cha jamii hiyohiyo kilikuwa kimezama Arkansas, wakafa 13, na wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani wakapendekeza paa hizo ziondolewe. Jambo lenyewe linatisha ukilifikiria sawasawa: boti ikienda chini, jaketi la kuokolea linamwinua mtu juu, na juu kuna turubai. Kinachokusudiwa kumwokoa kinamgandisha kwenye dari. Tangu niyasome hayo, mapazia yangu yamefunika kuni jikoni kwa mama.

Chandarua chenyewe nilikirudisha kwa fundi anayeshona matanga, si yule wa kwanza aliyezoea viti vya gari. Huyu aliuliza swali moja tu, kwamba kusi itaingilia wapi, nikajua nimefika. Alikata nusu mita kutoka mbele, kwa sababu pale mbele ndipo turubai linapokutana na upepo mchafu uliokwisha kurushwa juu na kioo. Akaongeza ubavu wa nne ili kitambaa kisipate nafasi ya kujaza tumbo. Ubavu wa kwanza akauteremsha kidogo kuliko wa pili, upepo upande mgongoni mwa paa badala ya kuingia chini yake. Ule wangu wa zamani ulikuwa umeinuka mbele kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Nyuma akaacha wazi kabisa. Moshi umerudi, ni kweli, ukienda polepole kwa upepo wa nyuma unaunusa. Nimeona heri moshi.

Kurowa nako kumerudi. Nimeweka turubai jepesi la plastiki ambalo waliokaa mbele wanalishika magotini, wakilivuta mpaka kidevuni wimbi likija, kama watu walivyofanya katika boti hizi kabla yangu na mapazia yangu. Watoto wanalipenda kuliko kitu chochote humo ndani.

Alasiri sasa naielekea kusi kwa 33, siku njema 34, na hakuna wa futi 22 anayenipita isipokuwa mmoja ambaye mashine yake ni mpya na simwonei wivu. Gatini ndipo ninapokiona chandarua kwa ubaya wake uliobaki. Mwendo ukiwa mdogo na kusi ikawa ubavuni, paa linaisukuma boti pembeni kama mkono, na rafadha inayozunguka polepole haina nguvu ya kubisha. Nimejifunza kuingia upande wa juu ya upepo na kuuacha wenyewe uniletee gati. Zamani nilikuwa nalaumu mkondo.

Jambo la mwisho alilofanya fundi yule hakunidai pesa yake. Sehemu ya mbele ya chandarua, mbavu mbili za kwanza, aliiweka kwenye bawaba ikunjike kurudi nyuma, na akapitisha kamba moja kutoka ubavu wa mbele mpaka kwenye kiti changu. Kusi ikizidi mno pale mlangoni Shela, kabla hujapinda, naivuta, kivuli kinarudi nyuma hatua tatu, boti inashusha omo na kupanda. Tukigeuza, naiachia.

Ami alipanda tena mwishoni mwa Agosti. Nikangoja tufike mahali penye upepo, nikavuta kamba mbele yake bila kusema neno. Alitazama turubai likikunjika, akatazama maji yanavyokatika pembeni, kisha akainama kwenye kiti changu kutazama nilipoifungia. Akaifungua, akaifunga upya kwa fundo lake mwenyewe, lile linalofunguka kwa mvuto mmoja, akarudi kukaa.

“Hilo lako lingekukwamisha,” akasema.